Siku Mheshimiwa Aliposimama

Kazi yangu ni kukodisha spika. Nina mahema pia, na viti vya plastiki, na jenereta inayokohoa kabla ya kukubali kuwaka, lakini watu wa Busia na Tororo, huku Uganda karibu na mpaka wa Kenya, wananijua kwa spika, na jina langu la mtaani likawa Mama Spika. Nimezipeleka kwenye harusi, mazishi, mahafali ya chekechea, na mikutano ya kila chama ambacho wenyewe walilipa kabla ya kupanda jukwaani. Sikuwa mtu wa siasa. Siasa ilinikuta kazini, nimechuchumaa nyuma ya amplifaya, nimeshikilia waya usichomoke.

Yalikuwa mazishi ya mwalimu mstaafu huko Merikit. Mbunge alifika amechelewa, kama wabunge wanavyofika, ili kila mtu amwone akishuka garini. Alikuwa mtu wa adabu, mnene kiasi, mwenye sauti nzuri kama ya redio. Shida yake ilikuwa lugha. Alilelewa mji mkuu, ambako baba yake alikuwa ofisa wa serikali, na Dhopadhola, lugha ya kwao, aliyoijua ilitosha kusalimia tu. Kiswahili hakukitaka. Alikuwa akisema, kama wengi wa huko wanavyosema, kwamba ni lugha ya askari na majambazi. Kwa hiyo alihutubia kwa Kiingereza, na mkalimani akageuza. Siku hiyo mkalimani alikuwa kwenye gari lililoharibika njiani.

Mheshimiwa akaanza hivyo hivyo. Sentensi yake ya kwanza iliondoka kwa marehemu, ikapitia umoja wa taifa, ikaishia kwenye barabara ya lami. Waombolezaji walimtazama kama watu wanaotazama mvua ikinyesha shamba la mwingine. Akasimama kidogo, akauliza kama kuna mtu anayeweza kuwaambia hawa watu anachosema. Kati ya watu waliokuwa pale walikuwemo Jopadhola, Iteso, Wasamia waliotoka upande wa Lunyo, na wachuuzi wa kila kabila. Kiswahili hakikuwa cha yeyote kati yao na kila mmoja alikisikia. Mimi nilikuwa nacho kutoka nyumbani, maana baba yangu alikuwa Mwislamu wa mjini, dereva wa lori, na sisi watoto hatukupewa lugha nyingine. Kiingereza nilikipata shuleni. Nikanyoosha mkono.

Nilishika kipaza sauti nikasema, "Mheshimiwa anasema poleni."

Watu wakaitikia, "Asante."

Akaongea tena, kirefu zaidi. Nikasema, "Anasema marehemu alikuwa mtu mzuri, na yeye hatakaa sana hapa mbele, maana amesikia harufu ya chakula na anajua nyinyi pia mmeisikia."

Watu wakacheka, taratibu, kicheko cha msibani. Hakuwa amesema hivyo hata kidogo, lakini aliwaona wakicheka, na uso wake ukafunguka. Nadhani hakuwahi kuchekewa vizuri kabla ya siku ile. Alipoondoka alinipa namba yake ya simu, na tangu hapo kila alipohutubia upande huu wa Tororo nilikuwa pembeni yake, nikifupisha maneno yake na kuyatia chumvi. Watu walianza kuja mikutanoni kusikia nitaongeza nini. Yeye aliamini wanakuja kumsikiliza, na sikuona sababu ya kumbishia.

Mume wangu, ambaye pia ni dereva wa lori na hupoteza nusu ya maisha yake kwenye foleni ya mpakani, alisema, "Sasa spika yenyewe ni wewe. Zile nyingine tunaweza kuziuza."

Wakati huo binti yetu alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, anasomea kilimo. Katika chumba alichopanga alikuwa akikaa na msichana mwenzake kutoka Merikit, na bibi wa msichana huyo ndiye aliyemlea tangu wazazi wake wafariki. Kila mtu alimwita mama huyo Jaja, yaani bibi, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mwanamke mrefu, mkulima wa mtama na simsim, mwenyekiti wa akina mama wa kanisani kwao. Kila nilipopita Merikit alinipa mfuko wa karanga nimpelekee mjukuu, na mfuko mwingine mdogo wa kunilipa kwa kubeba ule wa kwanza.

Ndipo redio ikaanza kusema kuna muswada bungeni. Vyuo vikuu vya serikali vingeruhusiwa kujipangia ada vyenyewe, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Binti yangu alinipigia simu.

"Mama, muulize mtu wako atapiga kura gani."

"Si mtu wangu," nikamwambia. "Ni mteja."

"Basi muulize mteja wako."

Sikuhitaji kumuuliza, maana wiki hiyo hiyo alikuwa na mkutano sokoni na alilisema mwenyewe jambo hilo. Alinyanyua mkono akasema kwa Kiingereza kwamba wakati umefika wa kuvifanya vyuo vikuu kuwa huru. Neno alilotumia ni lile la fri. Sasa, huku kwetu hakuna mzee wala mtoto asiyelijua neno fri. Shule ya msingi ni fri, chandarua ni fri, sindano ya mtoto ni fri. Kabla sijafungua mdomo soko zima lilikuwa limepiga makofi. Akina mama wa nyanya walipiga vigelegele. Mzee mmoja wa baiskeli aliondoa kofia.

Makofi yalipopungua nikasema, "Anasema vyuo viwe huru kujipangia ada zao vyenyewe."

Waliokuwa karibu walinitazama kwa huruma. Mmoja aliniambia, bila ubaya, "Mama Spika, leo hukusikia. Amesema fri."

Ndani ya gari Mheshimiwa alikuwa anajifuta jasho, ana furaha ya kweli. "Umeona? Wako pamoja nami kwenye suala hili. Wenzangu waliniambia wapiga kura watalikataa."

Nilimwambia watu wameelewa kwamba chuo kitakuwa bure. Akacheka, akasema nisiwadharau wananchi. Hayo ndiyo majibu niliyopata.

Baada ya hapo aliwaalika akina mama wa kanisa la Jaja waende kulitembelea bunge. Alikodi basi. Mimi nilienda kama mkalimani, na kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na spika za kubeba nilijisikia mwepesi kama niko likizo. Akina mama walivaa magomesi yao mazuri yenye mabega yaliyochongoka. Mlangoni mlinzi aliuliza kiongozi wetu ni nani, na Jaja akanionyesha kidole akasema, "Ni huyu, Mama Spika." Mlinzi alijiweka sawa, akaniangalia juu na chini, akatafakari kwa muda jinsi Spika wa bunge anavyoweza kuwa na mama wa umri wangu, halafu akatupitisha kwa heshima kuliko tulivyostahili.

Tulikaa kwenye roshani ya wageni, juu, tukiwaangalia wabunge kule chini kama watu wanaoangalia kisima. Sikujua kama ndiyo siku ya muswada ule. Nadhani hata Mheshimiwa hakupanga iwe hivyo, mambo ya bunge huahirishwa kisha yakaibuka ghafla. Walijadili, nami nikawanong'oneza akina mama, nikifupisha. Kisha Spika akauliza wanaokubali waseme ndiyo. Ikasikika ndiyo kubwa. Akauliza wanaokataa. Ikasikika hapana ambayo nayo haikuwa ndogo. Watu wakaanza kunung'unika, na Spika akaamua kumaliza ubishi. Wanaounga mkono muswada, akasema, wasimame wahesabiwe.

Mheshimiwa wetu alisimama. Alisimama miongoni mwa wa kwanza, akafunga kifungo cha koti. Halafu, kwa kuwa alikuwa amesimama na hana la kufanya wakati karani akihesabu, aliinua macho kwenye roshani, akatuona, akatabasamu, akatupungia mkono.

Akina mama wote walimpungia. Mmoja aliachia kigelegele na askari akaja kutuambia tutatolewa nje. Jaja alikuwa na machozi.

"Ameona sisi," aliniambia. "Ile watu yote iko pale, lakini yeye anasimama kusalimia sisi."

"Jaja, hakusimama kwa ajili yetu. Wameambiwa wanaokubali ada zipangwe na vyuo ndio wasimame."

"Wewe huyu," alisema. "Wewe nasikia Kizungu sana mpaka macho haioni."

Kwenye basi nilieleza tena, kwa Kiswahili chepesi kabisa, na mama mmoja mwenye Kiswahili kizuri alinisaidia kwa Dhopadhola. Walinisikiliza kwa adabu. Kisha wakaendelea kukumbushana jinsi alivyofunga kifungo. Tulipofika Merikit habari ilikuwa imetutangulia kwa simu: mbunge amesimama mbele ya bunge zima kuwasalimia akina mama wa Merikit, na amezuia ada. Sehemu hiyo ya pili sijui iliingia wapi. Nadhani ilipanda basi njiani.

Muswada ulipita. Muda si mrefu vyuo vikajipangia. Binti yangu alituma picha ya tangazo la ada mpya lililobandikwa ukutani. Mume wangu aliitazama simu, akanirudishia, akaenda kuosha lori ambalo lilikuwa safi. Tulikaa tukaongea usiku ule na asubuhi yake, tukakubaliana kwamba binti atarudi nyumbani apumzishe masomo kwa mwaka mmoja, tujikusanye. Alirudi na godoro lake juu ya basi. Nilimpeleka kwa wakala mmoja wa mizigo hapa mpakani, akapata kazi ya kujaza makaratasi ya madereva, na mara ya kwanza baba yake alipopita kwenye dirisha lake akatoa heshima kamili, akamwita madam. Walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeona mikono yake jinsi ilivyobana kalamu.

Mjukuu wa Jaja naye alirudi. Lakini kwao hakukuwa na wakala wa mizigo. Alikaa kidogo, kisha akaondoka na wasichana wengine kwenda Tiira, ambako watu huchimba mashimo wakitafuta dhahabu, na wanawake huosha mchanga unaotoka humo. Jaja hakumlaumu Mheshimiwa. Alisema wale wa chuo ni wakaidi, wamekataa kusikia hata baada ya mbunge kusimama.

Uchaguzi ukaja. Mheshimiwa akarudi kwetu kwa nguvu, na mimi nikaenda na spika zangu, maana binti alikuwa anahitaji kurudi chuo na kazi ni kazi. Mkutano mkubwa wa Merikit ulifanyika uwanja wa shule, saa za mchana, jua kali. Akina mama wa ile safari walikuwa wamekalishwa mbele, kwenye viti vyangu. Mheshimiwa aliwanyooshea mkono, akasema kwa sauti yake ya redio kwamba kuna watu wanaomchafulia jina kuhusu ada za vyuo. Yeye hana la kujitetea. Mashahidi wake ni akina mama hawa, walikuwepo. Waseme wenyewe. Siku ya kura ile, alisimama au hakusimama?

Niligeuza maneno hayo neno kwa neno. Akina mama wakajibu kwa pamoja, "Alisimama."

Hapo ndipo alipotulia ili nimalizie. Alikuwa amenizoea, alijua nitaongeza kitu. Nilimtazama na nikaona kwamba kila alichosema kilikuwa kweli. Alisimama. Mashahidi walikuwepo. Hakuwa amedanganya hata neno moja, na kwa miaka yote niliyomtafsiria alikuwa hajawahi kusema sentensi fupi na safi kama ile. Nikashika kipaza sauti.

"Alisimama," nikasema. "Na walioambiwa wasimame siku ile ni wale wanaotaka ada ipande. Waliokataa walibaki wamekaa. Kwa hiyo mkisikia mbunge amesimama kwa ajili ya watoto wenu, muulizeni kwanza waliokaa walikuwa wanafanya nini."

Kisha uwanja mzima ukaangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Walikuwa wamesubiri mzaha wa Mama Spika tangu asubuhi na sasa umekuja, na ulikuwa mzuri kuliko yote. Mheshimiwa, ambaye alisikia kicheko tu, aliinua mikono yote miwili juu akageuka kulia na kushoto. Vijana wake wakapiga tarumbeta. Nilirudi nyuma ya amplifaya nikakaa juu ya sanduku la waya.

Mtu mmoja hakucheka. Wakati tunakunja mahema Jaja alinijia, polepole, ameshika kiti alichokalia kama anayenirudishia.

"Ile kitu ulisema," akaniuliza, "ilikuwa mchezo?"

"Haikuwa mchezo, Jaja. Ndiyo ile niliyokuambia kwenye basi."

Alikaa tena kwenye kile kiti. Nami niliendelea kukunja kamba.

Siku chache baadaye nilikuwa upande wa Kenya, kwa fundi anayenitengenezea amplifaya, mtu mwenye maneno mengi kuliko waya. Aliniona akaanza kucheka kabla sijasalimia. "Mama, umetrend," akasema. "Hiyo video yako iko kwa kila simu. Mjamaa wenu anashangilia akichomwa. Huku wasee wameicheka mpaka basi." Alinionyesha. Nilijiona mdogo, kando ya mtu mkubwa mwenye mikono juu. Na kwa kuwa video ilikuwa kwa kila simu, ilifika pia kwa simu za vijana wa Mheshimiwa, ambao uwanjani waliuchukulia mzaha kama wengine, lakini Kiswahili walikisikia vizuri sana. Kesho yake nilipigiwa niende nyumbani kwake Tororo mjini.

Nilipita Merikit kwanza kuacha viti vya harusi. Jaja alipojua ninakoenda akaingia ndani, akatoka amevaa gomesi. Hakuniomba. Alipanda mbele kwenye gari langu dogo la mizigo, akaweka mkoba magotini.

Mheshimiwa alitupokea sebuleni. Alikuwa amejiandaa kuniona mimi peke yangu, na nilivyomwona akisimama kumpa Jaja kiti cha kifahari nilijua hotuba aliyoniandalia imeharibika. Chai ililetwa. Alianza kusema kwa upole kwamba ukalimani ni kazi ya kuaminiana. Jaja akanigusa mkono.

"Mwambie mimi iko na swali moja. Ile siku alisimama kukubali ama kukataa?"

Niligeuza. Mheshimiwa akanitazama mimi badala ya Jaja, na nikageuka kumtazama Jaja ili naye alazimike kumtazama. Alijibu kirefu, na kwa mara ya kwanza sikufupisha. Alisema alisimama kukubali. Alisema ameviona vyuo: mapaa yanavuja juu ya maabara, wahadhiri wanagoma kila muhula, wanafunzi wanasomea nje ya dirisha. Serikali inazuia ada zisipande na haitoi fedha za kuziba pengo, halafu inajisifu kwamba elimu ni nafuu. Yeye aliona heri chuo ghali kinachofundisha kuliko chuo rahisi kilichofungwa. Aliamini hivyo. Bado anaamini. Na nikiwa pale nikitafsiri, nikaona kwamba mtu huyu ana hoja, tena nzuri, na kwamba kwa muda wote huo alikuwa ameificha kana kwamba ni ugonjwa.

"Na kwa nini hakusema vile Merikit?" Jaja akauliza.

Mheshimiwa alicheka kidogo, kicheko cha uchovu. "Muulize, ningesema hivyo, angenipigia kura?"

Nikamuuliza. Jaja alifikiri kwa haki kabisa.

"Hapana," akasema.

"Basi," Mheshimiwa akasema kwa Kiswahili. Neno hilo alilijua.

Tukanywa chai. Nilidhani mambo yameishia pale. Kisha Jaja akaweka kikombe chini, akaongea akimwangalia usoni, na nilikuwa nikimfuata nyuma kwa Kiingereza kama mtu anayemfuata ng'ombe aliyekata kamba.

"Mimi nilikuwa na dume moja kubwa. Kama wewe ungesema ada inapanda, mimi nauza yeye pale pale, wakati bei iko mzuri. Lakini watu walisema mbunge amesimama, ada haipandi. Nikaacha yeye akule majani. Ile karatasi ya chuo inakuja, kila mutu naye anauza, ng'ombe inakuwa bei ya mbuzi. Nikauza, haikutosha. Sasa ile mutoto yangu naosha mchanga Tiira. Mimi hapana kasirika juu ya kusimama. Simama tu. Mimi nakasirika juu ya dume."

Nilipomaliza kutafsiri Mheshimiwa alikuwa ameinamisha kichwa. Kwa muda niliona uso wa mtu ambaye hakuwa na sauti ya redio. Alisema pole. Alisema kwa Dhopadhola, neno moja, na nadhani lilikuwa sahihi, maana Jaja aliitikia. Kisha simu yake ikaita, akaomba radhi, akatoka nayo barazani, na kijana wake akaja kutuambia kwamba Mheshimiwa ana mkutano.

Kuhusu mimi hakuna aliyesema kitu tena. Sikufukuzwa, sikuitwa. Alishinda uchaguzi, akashinda hata Merikit, na watu wengi waliniambia kwamba ule mzaha wangu ndio uliomsaidia, maana ulionyesha ni mtu anayekubali kutaniwa. Jaja hakuniambia alimpigia nani kura na sikumuuliza.

Mheshimiwa aliamua kwamba hatakuwa tena na mtu kati yake na wananchi. Alitafuta mwalimu wa Kiswahili kutoka upande wa Kenya, mzee mstaafu mwenye msimamo mkali juu ya sarufi, akajifunza kwa bidii niliyoiheshimu. Kwenye mkutano wa kuwashukuru wapiga kura nilikodiwa kwa ajili ya spika peke yake. Alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti mwenyewe, na uwanja ukanyamaza kwa mshangao. Kiswahili kilichomtoka kilikuwa safi. Kila ngeli ilikuwa mahali pake. Alizungumza kuhusu barabara, kuhusu zahanati, halafu akafika kwenye ada. Nilimwona akitafuta uso fulani kati ya watu waliokaa mbele.

"Ningependa kubainisha," alisema, "kwamba niliuridhia muswada uliokusudia kuviondolea vyuo vikuu vizuizi vya upangaji wa ada, na ninawajibika kwa athari zake zote, zikiwemo zile zilizowafika wale ambao hawakutaarifiwa ipasavyo."

Watu walipiga makofi ya heshima, yale ya kanisani wakati askofu anaposoma Kilatini. Aliyekaa karibu nami aliuliza kama mbunge amesema zahanati itajengwa. Jaja alikuwa safu ya pili. Aligeuka akanitafuta kwa macho mpaka akanipata nyuma ya amplifaya, akainua kidevu kuniuliza.

Nilienda nikachuchumaa karibu naye. "Anasema alikubali ile sheria," nikamwambia. "Na anasema ni kosa lake kwamba hamkuambiwa."

"Amesema hivyo? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Alitazama kushoto na kulia, watu wakijipepea kwa karatasi za ratiba. "Na watu wamesikia?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akafungua mkoba, akanipa karanga.

Binti yangu alirudi chuo muhula uliofuata. Anamalizia mwaka huu, na anasema paa la maabara limetengenezwa kweli. Mwenzake, mjukuu wa Jaja, hakurudi. Nilimwona nilipopeleka mahema kwenye harusi huko Tiira, amefunga kitambaa kichwani, miguu ina tope jekundu mpaka magotini. Siku hizi ana shimo lake na watu wanaomfanyia kazi, na mmoja wao ana digrii. Nilimuuliza kama hafikirii kumalizia masomo. Aliniuliza harusi inaanza saa ngapi, maana vijana wake walitaka kuja kucheza, na kama jenereta yangu inaweza kukesha.